Antijeli Goma: hapana barafu, lakini moteri ya zamani inaitaka

Mashofere wengi wa hapa wanaoweka maji matupu kwenye radiateri wana sababu moja: Goma hapana barafu. Kweli, hapana. Hata usiku wa baridi, kuanzia Himbi mpaka Ndosho, hakuna maji yatakayoganda ndani ya bloku, yaani mwili wa moteri. Ila kuzuia kuganda ni kazi moja tu ya antijeli, ile lokidi (maji yenye dawa) ya radiateri, na kwetu ndiyo isiyo na maana. Kazi zake nyingine ni kuchelewesha kuchemka na kuzuia kutu, na kwa hizo mbili sisi tunaihitaji kuliko mtu wa Dar es Salaam. Yeye yuko usawa wa bahari. Sisi tuko juu, na maji yaliyo karibu nasi ni ya Ziwa Kivu.

Tuanze na huku kuwa juu, maana ndiko watu wanakokusahau. Goma iko kwenye mita 1,500 hivi. Hewa yetu ina mgandamizo wa kama 0.85 bar, kwa hiyo maji kwenye sufuria iliyo wazi yanachemka kwenye nyuzi 95, si 100. Sasa angalia moteri. Termostati (valvu inayofunguka kwa joto kuruhusu maji yaende kwenye radiateri) ya Toyota nyingi za zamani, zile Corolla na Carina zinazobeba watu mjini, inaanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84 na inafunguka yote kwenye 95. Vantilateri (feni) ya umeme inawaka ikishapita 90. Yaani moteri nzima isiyo na ugonjwa wowote inafanya kazi palepale ambapo maji ya Goma yanachemkia. Kinachoyazuia yasichemke ni bushoni, yaani kifuniko cha radiateri.

Bushoni iliyoandikwa 0.9 inashikilia 0.9 bar juu ya hewa ya nje. Kwetu jumla inakuwa 1.75 hivi, na hapo hata maji matupu hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 116. Ukiweka antijeli ya glikoli (lokidi ambayo ndiyo msingi wa antijeli) nusu kwa nusu na maji, unapata nyuzi 7 au 8 zaidi. Lakini bushoni ikishachoka, springi imelegea au mpira umepasuka, unarudi karibu na 95 kwa maji matupu, na 102 au 103 hivi hata kama ndani umeweka lokidi nzuri kabisa. Ukipanda kutoka Sake kwenda Mushaki unaongeza mwinuko na kupunguza mgandamizo wakati uleule moteri inapofanya kazi kubwa. Kwa hiyo kabla ya kubishana juu ya rangi ya antijeli, nunua bushoni mpya. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye mfumo huu.

Bushoni ya zamani inajieleza. Ifungue moteri ikiwa baridi, uangalie mpira wa chini: ukiwa na mstari uliozama, umekauka au una ufa, itupe. Katikati kuna valvu ndogo. Ivute kwa kucha kisha iachie. Lazima ijifunge yenyewe. Hiyo ndiyo inayoruhusu lokidi irudi kutoka kwenye chombo cha akiba moteri inapopoa, na ikikwama utakuta asubuhi duriti (mpira wa kupitishia maji) ya juu imebonyea kama imenyonywa. Soma namba iliyoandikwa juu ya bushoni, 0.9 au 1.1, ununue namba ileile. Kuna mafundi wanaopandisha namba ili gari isichemke. Kwenye radiateri ya miaka 25 yenye kichwa cha plastiki, mgandamizo wa ziada unapasua plastiki pale inapobanwa na alumini.

Tuje kwenye maji yenyewe. Maji ya Kivu yana madini mengi kwa sababu ya volkano: bikaboneti na magnesiamu kwa wingi, na pH yake inazunguka 9. Chemsha maji hayo kila siku kwenye sufuria moja bila kuisugua, uone ule ukoko mweupe unaobaki. Ndani ya moteri ukoko huo unashika mahali penye joto kuliko pengine, yaani kuzunguka silinda na kwenye njia za kulasi (kichwa cha moteri), na unashika pia ndani ya mirija ya radiateri, ambayo upana wake ni milimita chache tu. Ukoko haupitishi joto vizuri. Sindano ya kipimo cha joto inaweza kukaa katikati huku chuma karibu na valvu kikiungua.

Kutu nayo ina mchezo wake. Moteri za Toyota kama 4A, 5A na 7A zina bloku ya chuma na kulasi ya alumini. Metali mbili tofauti zikikaa kwenye maji yenye chumvi zinafanya batri ndogo, na alumini ndiyo inayoliwa. Inaanzia ukingoni mwa tundu za maji, pale jointi ya kulasi (gasketi) inapokaa. Siku fundi anapofungua kulasi unaona vishimo vimezunguka tundu, na hata ukiweka jointi mpya haitashika mpaka kulasi isawazishwe kwenye mashine. Chuma cha bloku kinatoa ile rangi ya kahawia. Halafu kuna vile vifuniko vidogo vya duara vilivyogongwa ubavuni mwa bloku, vya bati jembamba. Vinalika kutoka ndani, na kimoja kikitoboka nyuma ya egzosti utatafuta mahali maji yanapovujia mpaka uchoke.

Maji ya mvua ni laini kuliko ya ziwa, na kwa dharura ni bora. Ila kwetu mvua inapita kwenye moshi wa volkano za Nyiragongo na Nyamulagira. Upepo ukileta moshi huo, mvua inashuka na asidi pamoja na kloridi, na kloridi inatoboa alumini. Bati la nyumba nalo linaongeza majivu na kutu yake. Maji ya kutumia ni yale yaliyoondolewa madini, yanayouzwa kama maji ya batri. Hapo soma chupa mara mbili: maji ya batri ni kitu kimoja na asidi ya batri ni kingine, na kwenye maduka mengi vinakaa kwenye rafu moja, chupa zikifanana. Yaliyo safi hayana harufu, na tone moja likikauka kwenye kioo haliachi alama.

Sasa aina. Rangi haina sheria. Kiwanda kimoja kinatia kijani, kingine kinatia kijani hichohicho kwenye kitu tofauti kabisa. Kinachotofautisha ni dawa za kuzuia kutu zilizowekwa ndani ya glikoli. Ile ya kijani ya zamani inatumia silikati au fosfati, na dawa zake zinaisha ndani ya miaka 2 hivi au kilomita 40,000. Zile za asidi za kikaboni, ambazo mara nyingi ni nyekundu, za chungwa au waridi, zinafika miaka 5. Wajapani wanachanganya asidi hizo na fosfati, bila silikati, kwa sababu hawataki silikati ikwaruze mpira wa pompa ya maji. Watu wa Ulaya wanaikataa fosfati, kwa sababu maji yao mengi ni magumu na fosfati ikikutana na kalisi au magnesiamu inatengeneza tope.

Hapo ndipo shida yetu ilipo. Gari nyingi za hapa ni za Japani, lokidi zinazozifaa zina fosfati, na maji tunayozichanganya nayo yana magnesiamu. Ukinunua lokidi nzuri ya Toyota halafu ukaichanganya na bidoni ya maji ya ziwa, umeitia dawa ndani kisha ukaigeuza tope. Bora ununue iliyokwisha kuchanganywa kiwandani kuliko kununua kali, isiyochanganywa, ukaiongezea maji ya hovyo.

Kwa Toyota ya miaka ya 1990, chukua nyekundu ya Kijapani au ya kampuni nyingine inayosema wazi kwenye karatasi yake kwamba haina silikati na inafaa gari za Asia. Zile za baada ya 2004 hivi zilitoka kiwandani na ya waridi, inayouzwa tayari nusu kwa nusu. Kiwanda kinaipa kilomita 160,000 mara ya kwanza na 80,000 kila inapobadilishwa baadaye. Usiuchukulie muda huo kama ahadi kwa gari uliyoinunua imetumika. Hujui ndani kuna nini. Na usiongeze kijani juu ya nyekundu ili kujaza tu. Wakati mwingine hakuonekani kitu, wakati mwingine kunatokea utelezi kama ute wa bamia kwenye chombo cha akiba, na kwa vyovyote dawa za pande zote mbili zinapungua nguvu. Ukikosa ya aina yako, ongeza maji safi ya batri kidogo.

Kwenye maduka, kuanzia Birere mpaka vibanda vya barabarani, kuna bidoni za lita 5 zenye rangi ya kupendeza ambazo ndani yake ni maji na rangi. Kuzitambua si kazi ngumu ukipata friza inayofanya kazi na umeme usiokatika usiku. Weka kidogo kwenye chupa ya plastiki, usiijaze, uifunge vizuri, iandike, na uiweke mbali na chakula kwa sababu glikoli ni sumu. Friza ya nyumbani inafika nyuzi 18 chini ya sifuri. Mchanganyiko wa kweli wa nusu kwa nusu utabaki majimaji, kwa kuwa unaganda kwenye 37 chini ya sifuri. Wenye theluthi moja ya glikoli utakuwa kama uji wa barafu. Ukikuta jiwe, umeuziwa maji. Duka lenye refraktometa, kifaa cha kupima kiasi cha glikoli, litakupa jibu kwa tone moja.

Kiasi: nusu kwa nusu ndicho kipimo cha kawaida. Kwa kuwa sisi hatuogopi kuganda, asilimia 40 ya glikoli inatosha. Usishuke chini ya theluthi moja, maana dawa za kutu zinakuwa nyepesi mno. Na usimwage kali tupu ukidhani ndiyo nguvu: glikoli inabeba joto kidogo kuliko maji, na ikizidi asilimia 60 moteri inapata joto zaidi.

Kubadilisha kwenyewe. Moteri iwe baridi, si vuguvugu. Weka kitufe cha hita kwenye joto kabisa ili njia yake ifunguke. Toa bushoni, kisha fungua koki ya chini ya radiateri polepole. Kwenye radiateri ya zamani koki hiyo ni ya plastiki iliyokauka. Ikikataa, usiilazimishe, toa duriti ya chini. Kinga kwa beseni. Toyota nyingi zina pia skuruu ya kumwaga kwenye bloku, nyuma, ila kwenye moteri iliyotumia maji ya ziwa unaweza kuifungua na kisitoke kitu: imezibwa na tope. Ichokoe kwa waya.

Jaza maji, washa moteri mpaka duriti ya juu iwe ya moto, zima, acha ipoe, mwaga. Rudia mpaka yatoke maangavu, na mara ya mwisho tumia maji ya batri. Kuna wanaotumia Omo. Inatoa povu lisiloisha, usiitumie. Kuna wanaotumia asidi ya batri, na huko ni kuiua alumini kwa mkono wako. Dawa ya kusafisha radiateri iliyotengenezwa kwa kazi hiyo inafaa, ila nina neno moja kwa gari iliyokunywa maji ya ziwa miaka mingi: ule uchafu ndio unaoziba matundu. Ukiutoa wote kwa siku moja, radiateri itaanza kuvuja na pompa itaanza kudondosha. Kwa gari kama hiyo ni afadhali kuisuuza kwa maji tu mara kadhaa, kuweka lokidi, halafu kumwaga na kuweka tena baada ya miezi michache. Kama una pesa ya radiateri mpya, hapo tumia dawa.

Kosa linalofanyika sana lipo kwenye kujaza. Baada ya kusuuza, moteri ndogo inabaki na lita 1.5 au 2 za maji ndani ya bloku na hita. Ukimwaga lokidi ya nusu kwa nusu juu yake, hupati nusu kwa nusu tena. Fanya hivi: tafuta kwenye kitabu cha gari mfumo wako unachukua kiasi gani. Toyota ndogo nyingi ziko kati ya lita 5 na 6; Land Cruiser yenye moteri ya 1HZ inachukua nyingi zaidi. Tuseme yako ni lita 6. Mimina kwanza lita 3 za lokidi kali isiyochanganywa, kisha malizia kwa maji ya batri mpaka ijae. Maji yaliyobaki ndani yatajihesabu yenyewe. Kama umepata tu ile iliyochanganywa tayari, basi mwaga mpaka bloku iwe tupu kweli, au kubali kwamba umepata asilimia 33 hivi.

Hewa nayo lazima itoke. Tafuta kilima, pua ya gari ielekee juu, mimina polepole huku ukibonyeza duriti ya juu kwa mkono. Washa bila bushoni, hita ikiwa kwenye joto, shikilia mizunguko 2,000 hivi kwa dakika, kwa muda kidogo, ongeza kadiri inavyoshuka. Hita ikitoa joto la kweli na duriti zote mbili zikiwa za moto, funga. Ngoja vantilateri iwake na kuzima mara mbili. Kesho yake asubuhi, gari ikiwa baridi, angalia tena kwenye radiateri yenyewe na si kwenye chombo cha akiba tu. Chombo kinaweza kuwa na lokidi huku radiateri ikipungukiwa lita nzima.

Termostati. Utasikia: «Shefu, tutoe hiyi termostati, moteri itapumua.» Usikubali. Kwenye Toyota nyingi termostati ina sahani mbili: ya juu inafungua njia ya radiateri, ya chini wakati huohuo inaziba njia ya mkato inayorudisha maji ya moto kwenye moteri. Ukiitoa, ile njia ya mkato inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kupita kwenye radiateri. Kwenye tambarare ya kuelekea Sake hutaona tofauti. Kwenye mlima inachemka, na fundi anasema radiateri ni mbovu. Tena wakati wa asubuhi moteri inachelewa kupata joto, inakunywa esanzi (petroli), na oili inakusanya maji. Kuipima termostati ni kuitundika kwa uzi kwenye sufuria ya maji, isiguse chini, na kuchemsha. Maji ya Goma yakianza kuchemka yako kwenye nyuzi 95, nayo inatakiwa iwe imefunguka kama milimita 8 au zaidi. Ukiirudisha, ile tundu yenye kipande kinachocheza ikae juu, ndipo hewa inapopitia.

Kabla ya kulaumu lokidi, angalia na nje ya radiateri. Vumbi jeusi la lava pamoja na tope la barabara vinaziba mapezi, hasa kati ya radiateri na kondensa ya klimatiza (AC), mahali pasipoonekana. Osha kwa maji ya mgandamizo mdogo kutoka upande wa moteri kwenda nje. Karsheri, ile mashine ya maji ya nguvu ya kuoshea magari, inalaza mapezi.

Dalili za kushika: lokidi ya kahawia ni kutu. Ikiwa kama maziwa ya waridi kwenye gari ya otomatiki, oili ya gia imeingia kupitia kipozaji kilicho ndani ya radiateri. Usiendeshe tena hata kilomita moja. Ukoko wa rangi ya waridi au kijani chini ya pompa, kwenye tundu dogo la kutolea, ni pompa inayoanza kuchoka. Duriti ya juu ikiwa ngumu dakika mbili tu baada ya kuwasha asubuhi, maji hayajapata joto la kuisukuma. Ni gesi ya silinda inayopita kwenye jointi ya kulasi. Mapovu yasiyoisha kwenye mdomo wa radiateri, wakati hewa ilishatolewa, yanasema hivyohivyo.

Kuna kipimo kimoja mafundi wachache wanakifanya, nacho ni kizuri kwa gari iliyoongezewa redio, taa na waya za kienyeji. Chukua multimeta, waya mweusi kwenye hasi ya batri, mwekundu uuchovye kwenye lokidi bila kugusa chuma. Moteri inafanya kazi, taa na vantilateri vimewashwa. Ikisoma chini ya 0.1 volti, ni sawa. Ikipita 0.3, ama dawa za lokidi zimekwisha ama kuna waya wa ardhi mbovu, na umeme unapita kwenye radiateri. Zima vifaa kimoja kimoja. Kile kitakachoshusha namba ndicho cha kufuata. Bila kurekebisha hilo, radiateri mpya itatoboka.

Lokidi uliyomwaga usiiache kwenye beseni uani wala usiimwage kwenye mawe ya lava, ambako inashuka moja kwa moja. Ina ladha tamu, na mbwa, mbuzi au mtoto anaweza kuinywa. Ifunge kwenye bidoni yenye alama, isiyofanana na zile za maji ya nyumbani.

Ikichemka njiani, zima klimatiza kama imewashwa. Ukihitaji mita chache za kufika pembeni, washa hita kwa nguvu yote, itatoa joto kidogo. Simama, zima moteri, fungua boneti, usiguse bushoni kabla ya dakika 45. Usimwage maji baridi kwenye moteri ya moto: kulasi ya alumini inapinda, na bloku inaweza kupasuka. Ikipoa, ongeza maji yoyote uliyo nayo, hata ya ziwa kama uko Minova na hakuna mengine, polepole, moteri ikizunguka. Ukishafika Goma, yamwage yote wiki hiyohiyo na uweke lokidi upya.